Dondoo muhimu: Upepo na oili vyenye presha

Gereji nyingi ndogo kama za Chiwanda, karibu na Ziwa Nyasa, huanza na kompresa ya matairi, basi ikague hiyo kwanza. Hewa ya ziwani ina unyevu. Ikishindiliwa, maji hubaki chini ya tangi na kutu hula chuma kutoka ndani, usikoona. Fungua koki ya chini kila jioni. Valvu ya usalama ikivuja ibadilishe, usiizibe. Tangi lililotobolewa na kutu halichomelewi.

Uimara wa tangi hupimwa kwa maji, si kwa upepo. Lijazwe pomoni, hewa yote itoke, ndipo presha ipandishwe kwa pampu ya mkono. Maji hayashindiliki kirahisi, hivyo tangi likipasuka humwagika tu. Lenye hewa hulipuka kama bomu. Kazi hii mwachie mkaguzi anayetambuliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Wenye tipa: bodi ikiinuliwa, iwekee nguzo ya chuma kabla ya kuingia chini. Oili inapovuja usipapase mpira wa oili kwa mkono, hata ukivaa glavu, pitisha kadibodi. Oili ya presha hupenya ngozi, na kidonda chake kidogo huwadanganya wengi. Ikikupenya, hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe ni oili ya presha: huenda upasuaji ukahitajika.

Lori la kushuka milima ya Mbinga kwenda Mbamba Bay: kabla ya safari weka kabari kwenye matairi, jaza upepo, zima injini, achia breki ya kuegeshea, kanyaga breki dakika moja. Geji hushuka kidogo unapokanyaga; baada ya hapo, ikipungua zaidi ya psi 3 katika dakika hiyo kwa lori lisilo na tela, safari haianzi.