RIBE: MJI MDOGO UNAOKUMBUKA

Katika somo hili tutafanya safari. Hatutalipa nauli wala hatutabeba mzigo. Tutatumia macho yetu na gazeti hili tu. Tunakwenda Denmark, nchi ndogo iliyoko kaskazini ya Ulaya. Huko tutatembea katika mji unaoitwa Ribe. Watu wengi huenda hapo likizo pamoja na watoto wao. Tuone wanakwenda kutazama nini. Halafu tujiulize: sisi tunaojua kusoma na kuandika, tunapata funzo gani?

1. MJI WENYEWE

Denmark ina watu karibu milioni 6. Tanzania ni kubwa kuliko nchi hiyo zaidi ya mara 20. Mji wake mkuu ni Copenhagen. Ribe uko mbali na mji mkuu, upande wa magharibi, karibu na bahari. Mtu akitoka Copenhagen hupanda garimoshi, akabadili katika mji wa Bramming, kisha akafika Ribe. Safari huchukua zaidi ya saa tatu.

Ribe una watu wapatao 8,000 tu. Lakini ni mkongwe kuliko miji yote ya Denmark. Mwaka 2010 wenyeji walisherehekea miaka 1,300 tangu mji wao uanze. Njia zake ni nyembamba, nazo zimetandazwa mawe. Nyumba nyingi za zamani bado zinakaliwa na watu. Mto unapita katikati ya mji.

2. WATU WA LIKIZO

Je, wafanyakazi wa huko wanapataje nafasi ya kutembea? Mwaka 1938 sheria iliwapa wafanyakazi likizo ya malipo ya wiki mbili kwa mwaka. Leo ni wiki tano. Shule nazo hufungwa wakati wa majira ya joto, kuanzia mwisho wa Juni. Basi baba, mama na watoto husafiri pamoja.

Wakati huo mchana ni mrefu sana. Mwezi Juni jua huzama Ribe baada ya saa nne usiku. Ni ajabu, siyo? Mtoto anaambiwa akalale, na jua bado analiona dirishani.

Familia hutembea kwa miguu, maana mji ni mdogo. Nje kidogo ya mji kuna kituo kinachoonyesha maisha ya Waviking. Hao walikuwa mabaharia na wafanyabiashara wa zamani wa nchi hizo. Hapo watoto hujaribu kupiga mishale na kutazama kazi za mikono za kale.

Siku nyingine familia hupanda gari linalokokotwa na trekta, wakaenda kisiwa cha Mandø. Trekta hilo hupita juu ya mchanga wa bahari wakati maji yamekupwa. Maji yakijaa, njia inafunikwa. Ndugu zetu wa pwani hawatashangaa. Wanajua kuwa bahari haimngoji aliyechelewa.

3. NGUZO YA MAFURIKO

Sasa twende kando ya mto, mahali palipokuwa bandari ya zamani. Hapo imesimama nguzo ya mti. Juu ya nguzo kuna alama, na kila alama ina mwaka wake. Alama hizo zinaonyesha maji ya bahari yalipanda mpaka wapi wakati wa dhoruba.

Alama ya juu kabisa ni ya mwaka 1634. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Oktoba mwaka huo, upepo mkali uliisukuma bahari nchi kavu. Maji yalipanda karibu mita 6 kupita kawaida. Yaliingia mpaka ndani ya kanisa kuu la mji. Katika pwani za Denmark na Ujerumani walikufa maelfu ya watu.

Fikiri mtoto amesimama chini ya nguzo hiyo. Anainua kichwa, anauliza: "Baba, kweli maji yalifika huko juu?" Baba hana haja ya kusema, "Nilisikia wazee wakisimulia." Anamwonyesha mwaka. Mtoto anausoma mwenyewe.

Tena watu wa huko hawakukaa na kuitazama nguzo tu. Kuanzia mwaka 1911 walijenga tuta kubwa la udongo kati ya mji na bahari. Mahali mto unapopita wakaweka milango ya maji. Bahari ikitulia, milango hufunguliwa. Bahari ikipanda, hufungwa. Tarehe 3 Desemba 1999 ilipiga dhoruba kali mno. Tuta lilistahimili, na mji ukapona.

4. MLINZI WA USIKU

Kanisa kuu la Ribe lina mnara mrefu wa matofali. Watalii hupanda vidato 248 mpaka juu. Zamani mnara huu haukuwa wa kutembelea tu. Mlinzi alikaa huko akitazama pande zote. Akiona moto au mafuriko, kengele ilipigwa na watu waliamka.

Chini mitaani pia alikuwepo mlinzi wa usiku, na taa yake mkononi. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 1902. Lakini katika miaka ya 1930 wenyeji waliirudisha kwa ajili ya wageni. Sasa, katika majira ya joto, mlinzi hupita jioni akiimba na kusimulia habari za mji. Wageni na watoto humfuata nyuma bila kulipa kitu.

5. HABARI YA MAREN SPLIID

Simulizi moja ya mji huu si ya kufurahisha. Ni ya mama mmoja aliyeitwa Maren Spliid. Mumewe alikuwa mshonaji wa nguo, na nyumba yao haikuwa ya kimaskini.

Mwaka 1637 mshonaji mwingine alisema Maren amemroga. Alikuwa mgonjwa, akatapika kitu ambacho watu hawakukielewa. Kwanza Maren aliachiwa. Lakini mshitaki hakunyamaza. Maneno yakafika kwa Mfalme Christian wa Nne, na kesi ikafufuliwa. Maren akapelekwa Copenhagen, akateswa mpaka akakubali. Tarehe 9 Novemba 1641 alichomwa moto nje ya mji wa Ribe.

Msomaji, ebu tupime. Mtu akiteswa atasema lolote ili maumivu yaishe. Je, hilo ni ushahidi? Na yule mgonjwa, je, alihitaji moto wa kumchoma jirani au dawa ya tumbo?

Watu wa Ribe wangeweza kuificha habari hii. Ni aibu kwa mji. Lakini hawakuificha. Mwaka 2020 walifungua jumba la makumbusho linaloeleza habari za watu walioteswa na kuuawa kwa kuitwa wachawi. Watoto wa shule na wageni wanakwenda, wanasoma, wanajua kwamba mji wao ulikosea.

6. FUNZO KWETU

Nguzo ile na jumba lile vinafanya kazi moja. Vinasema: jambo hili lilitokea hapa, msilisahau. Nguzo inaonya juu ya maji. Jumba linaonya juu ya hofu iliyo ndani ya watu.

Kwetu pia maji huja. Mwaka 2024 mafuriko yaliharibu nyumba na mashamba huko Rufiji. Katika vijiji vingi mzee huonyesha kwa mkono, "Maji yalifika hapa." Lakini mzee akifa, mkono ule unazikwa naye. Baada ya miaka 20 kijana anajenga nyumba palepale bondeni.

Na hofu kwetu ipo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Mama aliyepika kwa kuni miaka 50, akipulizwa na moshi kila siku, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Moshi si uchawi. Mtoto akiugua, apelekwe zahanati. Hapana haja ya kumtafuta bibi wa kulaumu.

Ndugu msomaji, hatukujifunza kusoma ili tusome mabango tu. Kalamu ni mlinzi wa usiku. Mwandike mwaka wa mafuriko na mahali maji yalipofika. Mwandike mwaka wa njaa na chanzo chake. Mkikosea, andikeni kosa hilo pia. Mtoto wenu atakapouliza, mpeni asome.

MASWALI

1. Mji wa Ribe uko upande gani wa Denmark?
2. Alama ya juu kabisa katika nguzo ni ya mwaka gani?
3. Tuta na milango ya maji vinasaidiaje mji?
4. Kwa nini maneno aliyoyasema Maren baada ya kuteswa si ushahidi?
5. Macho ya bibi huwa mekundu kwa sababu gani?

ZOEZI

Waulizeni wazee watatu wa kijiji chenu: mafuriko makubwa yalikuja mwaka gani, na maji yalifika wapi? Andikeni majibu yao katika daftari la kisomo. Wakitofautiana, andikeni maneno ya kila mmoja. Kisha mwombeni mwenyekiti wa kijiji mkaweke alama mahali hapo, juu ya mti au jiwe, pamoja na mwaka.

MANENO

Dhoruba: upepo mkali wenye mvua au mawimbi.
Kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma, mchanga ukaonekana.
Tuta: udongo ulioinuliwa kuzuia maji.
Makumbusho: mahali panapotunzwa vitu na habari za zamani.