Ratiba ya Mtahiniwa wa KCSE, na Chuo Baadaye

Swali: Mwanafunzi wa shule ya kutwa karibu na Rodi Kopany ajiandae vipi kwa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, na chuoni mambo hubadilika vipi?

Jibu: Jioni ya mwanafunzi wa kutwa huliwa na safari na kazi za nyumbani, hivyo saa ya uhakika ni alfajiri. Hisabati ipewe nafasi hiyo kwanza. Ina karatasi mbili za saa mbili na nusu kila moja: maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50, kisha matano ya kuchagua kati ya manane, kila moja alama 10. Mazoezi yasiyopimwa kwa saa hayamwandai mtu kwa mwendo huo. Karatasi za miaka iliyopita zifanywe kwa kupimwa saa, na kila swali lililokoswa lirudiwe siku chache baadaye bila kutazama jibu. Usingizi usiguswe kamwe.

Katika chuo kikuu, kama cha Rongo au cha Tom Mboya, hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Mapengo ya mchana kati ya mihadhara ndiyo humponza mgeni. Majaribio ya katikati ya muhula huingia katika alama za mwisho, kwa hiyo anayengoja wiki ya mtihani huwa amekwisha kupoteza baadhi ya alama hizo.