Kijana Mwenye Selimundu na Moyo Wake

Katika nyumba zetu za Kinondoni na Temeke wamo vijana wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Hukadiriwa ya kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Zamani wengi walikufa wangali wadogo. Siku hizi, kwa ajili ya tiba, wengi hufikia ujana. Basi twajifunza neno hili: mbona kijana aliyetunzwa na mama yake miaka kumi na mitano huanza kuuchezea uhai wake?

Kwanza, tuujue ugonjwa. Chembe nyekundu za damu, zipasazo kuwa mviringo, hupindika mfano wa mundu. Hukwama katika mishipa midogo, na mifupa huuma mno. Tena huvunjika upesi, na mtu hupungukiwa damu. Kiu, baridi, homa na uchovu mwingi huyaamsha maumivu. Ugonjwa huu ni wa kurithi, hautoki kwa jini wala kwa jirani. Baba na mama huweza kuwa na asili yake katika damu pasipo kuugua. Wakiwa nayo wote wawili, kila mtoto wao yumo hatarini kwa fungu moja katika manne.

Pili, tuijue hatari. Kijana huyu huambiwa anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, ameze dawa kila siku. Lakini wenziwe hucheza mpira juani mpaka magharibi, hupanda bodaboda usiku wa mvua, tena wako wanywao pombe, nayo pombe huukausha mwili maji. Mwili wake umekawia kukua, macho yake yana umanjano, naye amechoka kuitwa mtoto. Kwa hiyo hufanya kama wao, wala hawaambii neno. Aona heri maumivu ya siku tatu kuliko kuchekwa mwaka mzima. Mwingine huacha dawa kwa sababu iliyo nzito zaidi: alisikia wakubwa wakinong'ona kwamba hatavuka miaka ishirini. Aliyekwisha kuhesabiwa siku zake, azitunze kwa nini?

Tatu, tufanyeje? Huzuni haitoki kwa fimbo wala kwa makaripio. Mzazi, usimfiche mwanao ugonjwa wake, wala usimtangazie kifo. Mwambie kweli, ya kuwa wapo wenye selimundu waliosoma, wakafanya kazi, wakalea watoto. Ya kuwa iko dawa, haidroksiyurea, ipunguzayo maumivu kwa wengi. Ya kuwa madaktari wa Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa hawa kwa maelfu tangu 2004. Mkabidhi dawa zake mwenyewe, ukimwangalia kwa upole. Kliniki na aseme na daktari kwa kinywa chake. Usimkataze mpira kabisa: acheze kidogo, apumzike, na chupa ya maji iwe karibu. Rafiki mmoja mwaminifu naye ajue.

Homa au maumivu ya kifua hayangoji kesho; mpeleke hospitali saa ile ile. Na akijitenga, asipolala, au akisema maisha hayana faida, mpeleke vilevile, maana moyo nao huugua.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni mambo gani yaamshayo maumivu ya selimundu?
2. Ni maneno gani ya nyumbani yamvunjayo kijana moyo?
3. Katika kikundi chetu cha vijana, mgonjwa aweza kusema ameumwa pasipo kuona haya?