Jinsi Jivu la Olduvai Linavyotunza Umri Wake

Kila kitu kimeundwa kwa atomi, na katikati ya kila atomi kuna kiini. Ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji chanya, na nutroni, zisizo na chaji. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua atomi ni ya elementi gani: yenye protoni 19 ni potasiamu, hata nutroni zake zikizidi au zikipungua.

Potasiamu nyingi ina nutroni 20, na kiini chake kimetulia. Lakini katika kila atomi 10,000 hivi, moja ina nutroni 21. Hiyo ni potasiamu-40, yaani 19 kujumlisha 21. Kiini chake hakijatulia. Hatimaye hubadilika chenyewe na kutoa mionzi.

Mara 9 katika 10 hivi, nutroni moja hugeuka protoni na elektroni, chembe ndogo yenye chaji hasi, hurushwa nje kwa kasi kubwa. Elektroni hiyo ndiyo mionzi ya beta. Aluminiamu ya unene wa milimita chache huizuia. Protoni zimekuwa 20, kwa hiyo kilichobaki ni kalsiamu. Katika mara zilizosalia, protoni huimeza elektroni ya atomi ileile na kuwa nutroni. Hubaki protoni 18, na hiyo ni gesi ya agoni. Kiini hicho kipya kwa kawaida hutoa nishati yake ya ziada kama mionzi ya gama, isiyo na chaji wala uzito, ambayo hupunguzwa kwa zege nene au madini ya risasi. Mionzi ya alfa haimo hapa. Hiyo hutoka katika viini vizito, kama vya urani, nayo ni protoni 2 na nutroni 2 zilizoshikamana. Karatasi tu huizuia.

Kiini kimoja kitabadilika lini? Hakuna awezaye kutabiri. Kilichodumu miaka bilioni hakikaribii mwisho wake kuliko kingine chochote cha aina yake. Jambo hili linastahili kutafakariwa taratibu, kwa sababu atomi zikiwa nyingi mno, bahati hiyo ya kila moja huzaa mwendo usioyumba: baada ya miaka bilioni 1.25, nusu ya potasiamu-40 imekwisha. Baada ya muda kama huo tena, nusu ya iliyobaki. Muda huo huitwa nusu-maisha, na joto la volkano haliubadilishi.

Mwamba ukiwa umeyeyuka, agoni hutoroka. Fuwele zenye potasiamu zikishaganda, agoni inayozaliwa humo hunaswa. Mtafiti Mary Leakey alipogundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, lilikuwa kati ya matabaka yenye jivu la volkano. Vipimo vya agoni iliyonaswa katika jivu hilo, vilivyotangazwa mwaka 1961, vilionyesha umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Kwa muda huo, katika atomi 10,000 za potasiamu-40, ni kama 10 tu zilizokuwa zimebadilika, na mojawapo ndiyo iliyokuwa agoni. Kabla ya kipimo hicho, Louis Leakey, mume wa Mary, alikuwa amelikadiria fuvu hilo kuwa na miaka ipatayo 600,000.