ELIMU YA UMMA: Kabla ya mgodi kuna utafiti, na fedha za utafiti zimepungua

Tangu mgodi wa Base Titanium ukome kuchimba Desemba 2024, swali linalorudi katika baraza za Kwale ni moja: mgodi mwingine unafunguliwa lini? Wanaouliza ni waliokuwa madereva, mafundi na wapishi wa pale. Wanauliza pia wenye maduka na nyumba za kupangisha, maana wapangaji wao walikuwa haohao. Jibu linategemea kazi ambayo wengi wetu hatuioni, nayo ni utafutaji wa madini.

Utafutaji si uchimbaji. Kampuni ya utafiti huanza kwa ramani na picha za angani, kisha wataalamu wa jiolojia hutembea mashambani wakichukua sampuli za udongo na mawe. Dalili zikiwa nzuri, mashine ya kutoboa ardhi huletwa, na kinachotoka chini hupelekwa maabara kupimwa. Hakuna kinachouzwa katika muda wote huo. Maeneo mengi yanayotafitiwa huishia hapo, na fedha zilizotumika hazirudi.

Hata penye madini, safari ni ndefu. Kampuni ya Tiomin kutoka Kanada ilianza kutafiti mchanga wa Kwale katika miaka ya 1990. Mradi ukanunuliwa na Base Resources ya Australia mwaka 2010, na meli ya kwanza ikaondoka Likoni mapema mwaka 2014. Kwa hiyo maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko uchimbaji wenyewe, uliodumu takriban miaka 11. Kampuni hiyo ilitafiti pia upande wa mashariki wa mgodi. Mchanga wenye madini ulipatikana, lakini hesabu ilionyesha kuwa gharama ya kuuchimba isingelipa. Wengi husahau jambo hili tunapozungumzia utajiri ulio chini ya miguu yetu: madini kuwepo ni jambo moja, na kulipa ni jambo jingine.

Nani hutoa fedha? Kwa kawaida si benki. Kampuni ndogo za utafiti huuza hisa katika masoko kama ya Toronto na Australia kwa watu walio tayari kubahatisha. Riba zilipopanda duniani kuanzia 2022, watu hao walipata mahali salama zaidi pa kuweka fedha zao. Matumizi ya utafutaji wa madini duniani, yaliyopita dola bilioni 20 mwaka 2012, yalikuwa takriban bilioni 12.5 mwaka 2024, na sehemu inayokuja Afrika imezidi kupungua. Kilichobaki huelekezwa zaidi kwenye migodi ambayo tayari inafanya kazi, kwa sababu hatari huko ni ndogo.

Kenya nayo ilikuwa na sababu zake. Novemba 2019 serikali ya kitaifa ilisimamisha utoaji wa leseni mpya, na zuio hilo likaondolewa Oktoba 2023, isipokuwa kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati. Nia ilikuwa kusafisha sekta na kupima nchi kutoka angani, na kwa maoni yangu kazi hiyo ilihitajika. Lakini miaka minne bila leseni mpya ilikuja wakati mbaya kwa Kwale, kwa kuwa mgodi wetu ulikuwa unakaribia mwisho na maeneo kama Vanga na Kuranze yalikuwa yakisubiri kutafitiwa.

Kisha kuna Mrima. Mlima huo wa Lungalunga una niobiamu na madini adimu, na pia ni msitu wa hifadhi na mahali patakatifu pa wazee wa kaya. Leseni iliyotolewa huko Machi 2013 ilifutwa Agosti mwaka huohuo. Wawekezaji walipeleka Kenya mbele ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na Oktoba 2018 wakashindwa, kwa kuwa leseni yenyewe ilitolewa bila masharti ya sheria kutimizwa, ikiwemo idhini ya mazingira. Wapo wanaosema kesi kama hiyo hufukuza wawekezaji. Lakini anayefuata sheria tangu mwanzo ana sababu gani ya kuiogopa?

Sasa, mgeni akifika kijijini na mashine, mwananchi ajue nini? Sheria ya Madini ya 2016 inasema leseni ya utafutaji haizidi miaka mitatu kabla ya kuhuishwa, na katika shamba la mtu binafsi haitolewi bila idhini ya mwenye shamba. Ardhi ya jamii nayo ina utaratibu wake wa idhini. Mazao yakiharibiwa, una haki ya fidia. Mrabaha, ambao serikali ya kitaifa huchukua asilimia 70, kaunti 20 na jamii 10, hulipwa madini yakichimbwa. Wakati wa utafutaji hakuna mrabaha, kwa hiyo anayekuahidi mgao wa fedha hizo leo anakudanganya.

Usiuze shamba kwa sababu umeona mashine jirani. Mwombe mgeni nakala ya leseni, andika nambari yake, kisha uipeleke kwa chifu au ofisi ya msimamizi wa wadi ihakikiwe kwenye sajili ya leseni ya Wizara ya Madini kabla hujatia sahihi chochote.