Ukitaka Kuwa Mkuu wa Ajira, Anza na Hesabu

Uko kwenye kitengo cha ajira mwaka wa tatu sasa. Unachambua CV, unapanga usaili, unapiga simu za "hongera, umepata", na zile nyingine ambazo hakuna anayependa kuzipiga. Kazi unaimudu vizuri. Ila nafasi ya ukuu ikitoka, analetwa mtu wa nje.

Sababu mara nyingi ni moja. Afisa ajira anajaza nafasi. Mkuu wa ajira anaulizwa nafasi zipi ziwepo, lini, na kwa shilingi ngapi. Serikalini kazi hiyo ndiyo kupanga ikama. Huku kwenye kampuni binafsi tunaiita mipango ya rasilimali watu. Ukiweza kuyajibu maswali ya mkuu ukiwa bado unafanya kazi ya afisa, umeshapanda nusu ya ngazi.

Fungua faili la Excel leo. Kila nafasi ipate mstari wake: tarehe ilipoidhinishwa, tarehe ya tangazo, idadi ya waombaji, tarehe ya ofa, tarehe mtu alipoanza kazi, na njia aliyokujia. Ongeza safu ya mwisho: je, baada ya mwaka bado yupo? Hiyo ndiyo safu ambayo wengi hawaiweki, na ndiyo itakayokutofautisha.

Miezi sita ikipita, anza kusoma faili lako. Utaona nafasi zinazochelewa, ofa zinazokataliwa na waajiriwa wanaoondoka mapema. Mwaka ukitimia, utaona pia njia zinazoleta watu wanaodumu. Huenda tangazo la LinkedIn linakuletea CV mia tatu, kumbe wanaobaki kazini ni wale walioletwa na wafanyakazi wenzao. Usibishane na mtu kuhusu hilo. Mwonyeshe.

Ripoti yako isizidi ukurasa mmoja. "Robo hii tumeajiri watu 30" ni sentensi isiyomshtua mtu. Andika hivi: "Nafasi ya mauzo inachukua siku 60 kujazwa, na siku 35 kati ya hizo CV zinamsubiri mkuu wa idara azisome." Hapo kikao kitaamka. Tahadhari moja tu: huyo mkuu wa idara mwonyeshe namba zake kabla ya kikao, faraghani. Ukimuumbua mbele ya wenzake, hutapata ushirikiano wake tena.

Sasa njoo kwenye hesabu yenyewe ya ikama. Tuchukue kituo cha huduma kwa wateja chenye viti 60. Kila mwaka watu 24 wanaacha kazi, yaani wawili kwa mwezi. Kumpata mtu mpya kunachukua wiki saba. Kumfundisha mpaka apokee simu peke yake, wiki sita. Jumla wiki 13, robo mwaka nzima.

Kama unasubiri mtu aondoke ndipo utangaze, ndani ya wiki hizo 13 wameondoka sita. Maana yake kwenye karatasi una watu 60, lakini wanaopokea simu ni 54, mwaka mzima. Meneja wa kituo atakwambia watu wake wavivu, hawafikii malengo. Wavivu wapi! Viti sita havina mtu, na wewe ndiye uliyeshika kalenda.

Dawa yake ni kuajiri kabla ya pengo. Kila robo mwaka ingiza darasa la watu sita, ukijua kwamba watakapomaliza mafunzo, viti vyao vitakuwa vimeachwa wazi. Hujui nani ataondoka. Unajua wangapi, na hiyo inatosha. Fanya hesabu hii kwa idara moja tu ya kampuni yako, ile inayopoteza watu wengi zaidi. Usianze na kampuni nzima, utachoka na data itakushinda.

Hesabu ya pili ni ya gharama. Mshahara wa shilingi 1,200,000 kwenye mkataba sio 1,200,000 kwenye bajeti. Kwa Tanzania, mchango wa mwajiri wa asilimia 10 NSSF peke yake unaongeza 120,000. Bado tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL), bado mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (WCF), bado bima ya afya, kompyuta na sare. Kenya weka pia tozo ya nyumba, ambayo mwajiri anachangia asilimia 1.5 ya mshahara ghafi. Mkuu wa idara akikuomba watu watatu, mpe jibu lenye gharama kamili ya mwaka. Utashangaa jinsi watatu wanavyogeuka kuwa wawili, au mmoja na mashine.

Hapo ndipo utamhitaji mtu wa fedha. Mtafute. Mnywe naye chai, mwambie akufundishe kusoma bajeti ya mishahara. Kampuni nyingi zinazofunga mwaka Desemba huanza kupanga bajeti kuanzia Septemba hivi. Omba ukae kwenye vikao hivyo hata kama ni kwa kuandika mihutasari. Anayeingia akiwa na idadi ya watu na gharama zao hatolewi kirahisi.

Halafu toka ofisini. Nenda ghalani, nenda kiwandani, panda gari la wasambazaji siku nzima. Huwezi kupanga watu wa kazi usiyoijua. Leena Nair aliingia kampuni ya Unilever nchini India mwaka 1992 kama mwanafunzi wa uongozi na akafanya kazi viwandani. Mwaka 2016 akawa mkuu wa rasilimali watu wa Unilever duniani, na Januari 2022 akawa mtendaji mkuu wa Chanel. Mary Barra alipita njia ya upande wa pili. Alikuwa mhandisi aliyewahi kuongoza kiwanda cha magari Detroit, kisha General Motors ikamkabidhi rasilimali watu mwaka 2009. Januari 2014 alikuwa mtendaji mkuu. Wote wawili waliijua bidhaa na waliijua karakana.

Sheria usimwachie mwanasheria peke yake. Tanzania soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 pamoja na kanuni zake za 2007. Kenya soma Employment Act ya 2007. Sio nyaraka ndefu kiasi hicho, wikiendi mbili zinatosha. Sheria zote mbili zinakataza ubaguzi, na katazo hilo linamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Kwa hiyo lile swali la "una mpango wa kuzaa karibuni?" lisitoke kwenye jopo lako. Likitoka, likate palepale, kwa adabu.

Mambo mengine ya sheria ni ya kalenda tu. Kenya kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita, na hakiongezwi bila ridhaa ya mfanyakazi. Tanzania, mfanyakazi akifikisha miezi sita kazini anaanza kupata ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Weka kumbusho mwezi wa nne, ili mkuu wa idara aamue akiwa bado na muda. Na kama mko watu 20 au zaidi Tanzania, sheria ya mwaka 2010 inataka angalau asilimia tatu wawe watu wenye ulemavu. Nafasi hizo zinaingia kwenye ikama, sio kwenye hotuba ya Desemba.

Kuna faili moja ambalo kwenye kampuni nyingi halina mwenyewe. Sheria ya 2015 inayosimamia ajira za wageni Tanzania inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi ule. Mara nyingi mpango huo unaandikwa usiku wa kuamkia maombi ya kibali, kisha unasahaulika. Omba upewe wewe. Utalazimika kujua nani anaweza kushika nafasi ya nani, anapungukiwa nini, na atakuwa tayari lini. Ukimaliza kwa wageni, endelea kwa wakuu wa idara wote. Utakuwa umejifunza mipango ya kurithishana madaraka kwa kazi halisi, na mkurugenzi atakuwa anakuita ofisini kwake kila mwezi.

Usaili wako uwe na nidhamu. Waombaji wote wa nafasi moja waulizwe maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule. Kila mjumbe aandike alama zake kabla jopo halijaanza kuongea. Bosi akisema kwanza "mimi huyu nimempenda", usaili umekwisha, waliobaki wanaitikia tu. Weka pia jaribio dogo la kazi: mhasibu apatanishe hesabu za benki, muuzaji akuuzie kitu. Dakika ishirini za jaribio zitakupa zaidi ya saa nzima ya "jieleze kidogo".

Sasa vimemo. Vitakuja, usijidanganye. Mjumbe wa bodi ana mtoto wa dada yake, mteja mkubwa ana kijana "mchapakazi sana". Ukikataa kwa hasira, umejenga adui. Ukikubali kimyakimya, kitengo chako kimekwisha heshima, maana ofisi nzima itajua kabla ya saa nane mchana. Jibu ni utaratibu: "Asante mzee, aombe kwenye tangazo, nitahakikisha CV yake inasomwa." Kisha kweli isomwe, apewe alama kama wengine. Akifaulu, ameajiriwa kwa haki. Akishindwa, una karatasi za wajumbe watatu zinazoongea badala yako.

Mkurugenzi wako naye umwandae mapema. Mwombe asaini mwongozo mfupi wa ajira wakati hakuna nafasi yoyote inayogombewa. Siku ya shinikizo utautoa mwongozo wenye saini yake, sio maoni yako.

Hakiki vyeti, vyote, hata vya mtu uliyempenda. Aprili 2017 uhakiki wa serikali ya Tanzania ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengine wakiwa wamekaa kazini miaka mingi. Vya kidato cha nne na cha sita vinathibitishwa na baraza la mitihani, NECTA. Shahada za nje ya nchi zinapita tume ya vyuo vikuu, TCU. Fanya hivyo kabla ya mkataba kusainiwa, kwani baada ya hapo unakuwa mgogoro wa kinidhamu na unaweza kukufikisha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

CV ni taarifa binafsi za watu. Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Acha kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa idara. Ziweke mahali pamoja, panga muda wa kuzitunza, ukifika zifute.

Kuhusu vyeti vyako mwenyewe: Kenya huna ujanja. Sheria ya wataalamu wa rasilimali watu ya 2012 inataka usajiliwe na taasisi ya wataalamu hao, IHRM, na mtihani wa CHRP ndio njia inayojulikana. Tanzania shahada yako na uzoefu vinakubeba mbali, ila ukitaka kampuni za kimataifa, cheti cha CIPD au SHRM kinasaidia CV yako ipite mchujo wa kwanza. Ushauri wangu, usilipe ada ya cheti cha nje kabla hujaimudu Excel. Nimewaona wenye vyeti vitatu wasioweza kutengeneza pivot table, na usaili wa ukuu huwa unawafichua mapema.

Uhamaji nao upange. Wakala wa ajira utakufundisha kasi na kuongea na wateja; miaka miwili pale inatosha. Kiwanda au benki itakufundisha mipango ya mwaka mzima. Mradi mkubwa ni shule ya aina yake. Fikiria bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kwenye ujenzi wa namna hiyo watu wanapanda mpaka kilele halafu wanashuka, na bomba likishakamilika wanaobaki kuliendesha ni wachache. Anayepanga watu wa mradi lazima ajue kuwaingiza na kuwaaga kisheria. Ukipata nafasi ya namna hiyo, hata kwa mkandarasi mdogo, ichukue.

Mwisho, cheo kiombe. Usisubiri kuonekana. Nenda kwa bosi wako na karatasi tatu: ukurasa wako wa namba, hesabu ya ikama ya idara moja, na orodha ya warithi wa nafasi tano nyeti. Mwambie, "Kazi hii nimeshaanza kuifanya. Naomba nikabidhiwe rasmi, na tukubaliane lini tutaongea kuhusu cheo na mshahara." Akikupa tarehe, iandike na umtumie barua pepe ya kumshukuru, tarehe ikiwemo.

Akikupiga chenga mwaka mzima, beba mbinu zako, acha data zao, na uombe kwingine. Waajiri wenye afisa wa kupanga usaili ni wengi. Wenye mtu wa kuwaambia watahitaji watu wangapi mwezi Juni mwakani ni wachache, na huyo wanamtafuta.