Sonona Sugu: Usiseme "Ndivyo Alivyo"

Jirani yako huamka saa kumi alfajiri, akakanda unga, akachoma maandazi, akawaandaa watoto kwenda shule. Kazi hailali. Lakini doti ya kanga aliyonunua Idi ya mwaka juzi bado haijakatwa, na harusini haendi tena. Ukimjulia hali hujibu, "Nipo tu." Watu wamezoea: ndivyo alivyo. Huenda sivyo. Huenda anaumwa.

SONONA SUGU NI NINI?
Ni huzuni inayomkaa mtu sehemu kubwa ya siku, siku nyingi kuliko asizokuwa nayo, kwa miaka 2 au zaidi. Kwa watoto na vijana ni mwaka 1, na huweza kujitokeza kama hasira za mara kwa mara. Kwa kuwa mgonjwa bado anafanya kazi, ugonjwa hujificha. Ukianza ujanani, hata mwenyewe hudhani amezaliwa hivyo. Sonona kali nayo inaweza kumpata juu ya hii sugu.

DALILI
Pamoja na huzuni, angalau 2 kati ya hizi:
• kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi
• kukosa usingizi, au kulala mno
• uchovu usiokwisha
• kujiona hafai
• kushindwa kutuliza akili au kuamua jambo
• kukata tamaa

NYUMBANI TUFANYE NINI?
Tusimwambie "jikaze", amejikaza miaka. Sala humfariji, ila isigeuzwe lawama kwamba imani yake ni ndogo. Akijibu "Nipo tu," usiondoke. Vuta kigoda, ukae, umuulize: "Tangu lini?" Kisha msindikize zahanati au kituo cha afya.

TIBA IPO
Mhudumu atamsikiliza, na huenda akampima damu, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu kama huu. Tiba ni ushauri wa kitaalamu, dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Asiache ghafla bila kumwona daktari.

HATARI!
Akisema afadhali afe, au akianza kuaga watu, msimwache peke yake. Ondoeni sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vilivyomo ndani. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kukuche.